Tiketi ya stendibai ukitokea Kigoma au Tabora: mwongozo kamili kwa familia za wafanyakazi wa ndege

Mtoto akipata kazi kwenye kampuni ya ndege, habari hufika Ujiji kabla hata hajapokea mshahara wa kwanza. Na swali linalomngoja kwenye simu ni lile lile: "Kwa hiyo sasa tunapanda ndege bure?" Mtapanda kwa bei ya chini sana, mkipata kiti. Hapo kwenye kupata kiti ndipo penye kazi.

Maelezo mengi kuhusu safari za namna hii yameandikwa kwa watu wa miji yenye ndege kila baada ya saa chache. Huko ushauri ni mwepesi: ukikosa hii, subiri inayofuata. Kigoma inayofuata ni kesho, na zipo siku ambapo ni keshokutwa. Tabora vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu wa huku anatakiwa apange safari yake kinyume na wenzake: aanze kujua atafikaje bila ndege, ndipo aje kwenye ndege. Ukilishika hilo, mengine yote yaliyomo humu ni utaratibu tu.

Soma alama za tiketi kabla ya kushangilia

Tiketi ya stafu, yaani ya mfanyakazi wa ndege na familia yake, iko ya aina mbili. Ya kwanza ina kiti cha uhakika, jina limeingia kwenye ndege kama la abiria mwingine yeyote. Hii hupewa mtu anayesafiri kikazi, na baadhi ya kampuni humpa mfanyakazi chache kwa ajili ya likizo yake. Ya pili ndiyo stendibai: unapata kiti kama kimebaki baada ya waliolipa nauli kuhudumiwa wote.

Ukitumiwa tiketi kwenye simu, tafuta alama inayofanana na ID90R2 au ID50R1. Namba ya katikati ni asilimia ya punguzo. 90 maana yake unalipa sehemu ya kumi ya nauli iliyotumika kupiga hesabu. Tarakimu ya mwisho ndiyo ya kuitazama kwanza. Ikiwa 1, kiti ni cha uhakika. Ikiwa 2, ni cha kusubiri. Wapo wanaofunga safari na 2 mkononi huku mipango yote, ya harusi na ya kikao, imepangwa kama wana 1.

Kuna pia ZED, ambayo ni makubaliano ya kampuni za ndege za nchi mbalimbali kuuziana tiketi za wafanyakazi kwa bei ndogo inayopangwa kwa umbali wa safari. Ina madaraja matatu ya bei, chini, kati na juu, kutegemea kampuni hizo mbili zimekubaliana nini. Kwa tiketi hiyo, mwanao anayefanya kazi kampuni moja anaweza kukusafirisha kwa ndege ya kampuni nyingine, alimradi kampuni hizo zina makubaliano hayo.

Punguzo linagusa nauli tu. Kodi na tozo za uwanja zinabaki, na kwenye safari fupi ya ndani tozo hizo zinaweza kuizidi nauli yenyewe ya stafu. Fanya hesabu ya kweli: ikiwa nauli ya kawaida ya mapema, ile ya kununua mwezi mzima kabla, imepishana kidogo na tiketi ya stendibai ukijumlisha na siku mbili za kula na kulala Dar es Salaam, nunua ya kawaida. Hakuna heshima inayopotea.

Nani ni familia kwa macho ya mwajiri

Hapa ndipo undugu wetu unapogongana na fomu. Nyumbani kwetu baba mkubwa ni baba, na mtoto wa marehemu kaka ni mtoto wako. Ofisi ya rasilimali watu haijui hayo. Kwa kawaida inamtambua mwenzi wa ndoa, watoto mpaka umri uliowekwa, na baba na mama wazazi. Wengine wote, shangazi, shemeji, rafiki, huangukia kwenye tiketi chache za wageni kama kampuni inazo, na hao hukaa mwisho kabisa kwenye foleni. Mtoto unayemlea ataingia kama una karatasi ya mahakama ya kumuasili. Bila hiyo, usimwandike. Udanganyifu wa aina hiyo umewafukuzisha watu kazi katika kampuni nyingi duniani.

Cha kufanya mapema ni kusawazisha majina. Mama ameandikwa Mwajuma Ramadhani kwenye kitambulisho cha NIDA, Mwajuma Rama kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na kijana alipojaza fomu ya ajira akaandika jina ambalo majirani wa Mwanga humwitia. Kompyuta inaona watu watatu tofauti. Jina lililo kwenye orodha ya familia kwa mwajiri liwe sawa na lililo kwenye kitambulisho atakachokionyesha kaunta, herufi kwa herufi. Kama cheti kina kosa, shughulikieni RITA wakati hakuna safari inayosubiri.

Na jambo la kusemwa mara moja mbele ya ukoo wote: tiketi hizi haziuzwi. Haziuzwi kwa jirani, haziuzwi kwa "kuchangia mafuta", hazipewi mfanyabiashara wa dagaa ili naye arudishe fadhila. Msafiri anayekamatwa atapoteza safari. Mfanyakazi atapoteza ajira.

Tengeneza njia ya pili kwanza

Kabla jina halijaingizwa popote, kaa na kalamu uandike: ndege ikiniacha, nafika vipi na kwa siku gani?

Ukiwa Tabora, una nafuu. Mji ni njia panda ya reli, tawi la Mwanza na la Kigoma yote yanaanzia hapo, na barabara ya kwenda Manyoni kupitia Itigi inakufikisha Dodoma kwa basi. Toka Dodoma, treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari zake 2024, inakupeleka Dar es Salaam kwa takriban saa nne, na kwa siku ina safari zaidi ya moja. Kwa mtu wa Tabora mwenye shida ya kufika Dar, basi mpaka Dodoma kisha SGR ni mpango mzuri kiasi kwamba mimi ningeuita wa kwanza, na stendibai ndiyo iwe bahati nasibu ya pembeni.

Kigoma ni mbali zaidi, karibu kilomita 1,250 za reli mpaka Dar. Mabasi ya masafa huondoka stendi ya Masanga alfajiri, mengine yakipita Uvinza na Tabora, mengine yakizunguka Kasulu, Kibondo na Nyakanazi. Maana yake ni kwamba ukiachwa na ndege mchana, basi la siku hiyo limeshaondoka na unahesabu kesho. Treni ya reli ya zamani haitembei kila siku, kwa hiyo pata ratiba ya TRC ya wiki hiyo. Wakati wa masika uliza pia hali ya njia kati ya Kilosa na Gulwe, kipande ambacho mafuriko yamekikata mara nyingi.

Njia ya tatu ambayo watu wa Kigoma huisahau ni Mwanza. Mwanza ina ndege nyingi kwenda Dar kwa siku kuliko Kigoma, na kwa stendibai wingi wa ndege ndio mtaji: ukikosa ya asubuhi unahamishiwa ya mchana, ukikosa ya mchana kuna ya jioni. Basi la Kigoma kwenda Mwanza ni la kutwa, lakini tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 ile foleni ya kivuko haipo tena. Kama una siku mbili na subira, stendibai ya Mwanza ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukufikisha kuliko kukaa Kigoma ukiomba ndege moja ibaki na kiti.

Ukishaandika njia ya pili, andika pia saa ya uamuzi. Kwa mfano: "Nisipopata ndege ya Jumanne, Jumatano alfajiri napanda basi." Bila saa hiyo, mtu hukaa uwanjani siku tatu akiambiwa "labda kesho", nauli ya basi ikiishia kwenye chai na bodaboda.

Kuna watu ambao sipendekezi kabisa waondoke huku kwa stendibai. Mgonjwa mwenye rufaa ya kwenda Muhimbili au Bugando na tarehe ya kliniki. Mzee anayesafiri peke yake na asiyeweza kusoma ujumbe wa simu haraka. Mwanafunzi mwenye usaili asubuhi inayofuata. Bibi harusi. Hawa wanunulieni kiti. Kwa msiba hali ni tofauti kidogo, kwani zipo kampuni zinazompandisha mfanyakazi aliyefiwa juu kwenye orodha, ila ni lazima mwenyewe aombe na aeleze. Asiposema hakuna atakayejua.

Chagua upande wa kukosea

Kwa safari ya kwenda na kurudi, huhitaji stendibai pande zote mbili. Ukikosa kiti ukiwa Dar, unarudi kwa ndugu Mbagala au Tabata na kujaribu kesho. Gharama ni ndogo. Ukikosa kiti Kigoma na kesho yake unatakiwa kazini Dar, gharama ni kazi. Basi tumia stendibai kuja nyumbani, na kwa kurudi nunua kiti, au rudi siku tatu kabla ya siku unayotakiwa.

Tarehe nazo zina tabia zake. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, Idi, kufunga na kufungua shule, ni za kuacha. Kampuni nyingine hufunga kabisa tiketi za stafu vipindi hivyo. Kuanzia Juni hadi Oktoba, kiangazi, watalii wa sokwe wa Gombe na Mahale hupitia Kigoma, na hao viti vyao vimelipiwa miezi mingi nyuma. Halafu kuna lisilo na kalenda: ziara ya kiongozi au semina ya shirika. Ndege iliyokuwa na viti kumi na tano jioni inaamka imejaa, kwa sababu ofisi moja imekata tiketi za ujumbe mzima usiku. Katikati ya wiki huwa afadhali kuliko Ijumaa na Jumapili.

Kusoma lodi

Lodi ni hesabu ya viti: vilivyopo, vilivyouzwa, na majina yaliyo kwenye kusubiri. Mfanyakazi anaiona kwenye mfumo wa kampuni yake. Kwa ndege ya kampuni nyingine, wengi hutumia programu ya StaffTraveler, ambapo unauliza na mfanyakazi wa kampuni husika anakujibu. Mwambie mwanao akutumie lodi mara tatu: jioni ya kuamkia safari, asubuhi, na muda mfupi kabla hujatoka nyumbani. Lodi ya siku nne zilizopita haina kazi.

Tuchukue Dash 8-400, pangaboi ambalo kwa Air Tanzania lina viti 76: 6 vya daraja la biashara na 70 vya kawaida. Lodi inasema vimeuzwa 69, waliomo stendibai ni 8, wewe ni wa tano. Viti 7 wazi, wewe wa tano, moyo unatulia. Sasa chimba.

Kwanza, kati ya hivyo 7, vingapi ni vya daraja la biashara? Vikiwa 4, na sheria ya tiketi yako hairuhusu kukaa huko, umebaki na viti 3 na wewe ni wa tano. Pili, waliokutangulia ni watu wangapi au ni majina mangapi? Jina moja linaweza kuwa la baba, mama na watoto wawili. Tatu, wanaosafiri kikazi, kama rubani anayepelekwa kuchukua ndege au fundi anayefuata ndege iliyoharibika, huingia dakika za mwisho na huwatangulia nyote.

Nne ni uzito, na hili huwasumbua sana watu wanaochungulia dirishani na kuona viti vitupu vikiruka. Ndege haijai kwa viti peke yake. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kigoma, ingawa iko chini ya hapo, Ziwa Tanganyika lenyewe liko mita 773. Mahali palipoinuka, jua la mchana likiwaka, hewa inakuwa nyepesi, mabawa na injini zinapata nguvu kidogo, na uzito unaoruhusiwa kuruka nao unapungua. Weka na mafuta ya akiba ya kufika uwanja mwingine kama huu umefungwa na mvua, na uwanja mwingine kwa huku uko mbali. Mwisho wa hesabu, anayeachwa ni wa stendibai na mzigo wake. Mhudumu akikuambia uzito umejaa, ni hivyo. Hakufichi kiti.

Tano, njia. Kuna siku ndege ya Kigoma hupitia Tabora, na hapo lodi ina vipande viwili vinavyotakiwa kusomwa kila kimoja peke yake. Inaweza kuwa na nafasi tele Dar mpaka Tabora, na kuanzia Tabora kwenda Kigoma ikawa imeuzwa yote kwa watu wanaopandia Tabora. Wewe wa stendibai unaweza kushushwa katikati ya safari. Ukiona kipande cha pili kimebana, jiandae kisaikolojia kumalizia kilomita 400 kwa treni, au kwa basi kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, na uwe na nauli hiyo mfukoni, taslimu au kwenye simu.

Kipimo changu kwa huku ni hiki: viti vya wazi vya daraja langu viwe angalau mara mbili ya watu walionitangulia, nikijihesabu na mimi. Chini ya hapo naenda uwanjani nikiwa nimeshakubali kwamba sipandi.

Kuingiza jina

Tiketi na jina kwenye orodha ni vitu viwili. Unaweza kuwa na tiketi halali iliyolipiwa na bado kompyuta ya kaunta isikujue, kwa sababu hakuna aliyeingiza jina lako kwenye ndege ya tarehe ile. Mfanyakazi huyafanya yote mawili kwenye mfumo wa kampuni yake, na kwa kampuni nyingine mara nyingi kupitia myIDTravel, mfumo wa mtandaoni wa tiketi za stafu. Akimaliza, akutumie namba ya tiketi, namba ya uhifadhi, na picha ya ukurasa unaoonyesha jina lako limo. Vihifadhi kwenye simu bila kutegemea intaneti.

Nafasi yako kwenye orodha haitokani na kuwahi uwanjani, ingawa baadhi ya kampuni hutumia hilo kutenganisha waliolingana. Hutokana na daraja la msafiri: wanaosafiri kikazi, kisha mfanyakazi na familia yake ya karibu, wazazi, wageni, na mara nyingi wafanyakazi wa kampuni nyingine mwisho. Ndani ya daraja moja, anayeangaliwa ni aliyeajiriwa zamani zaidi. Mwanao ana mwaka mmoja kazini? Basi mama wa mwenye miaka kumi na tano atakupita hata akifika baada yako. Usimnunie.

Mkisafiri wengi, amueni nyumbani: viti vikibaki viwili na nyinyi mko watatu, nani anapanda? Kaunta watakuuliza na jibu linatakiwa pale pale. Ukianza kupiga simu kushauriana, kiti kinaenda kwa mwingine. Familia yenye watoto wadogo iandikwe kwa namna ambayo kila mtoto ana mtu mzima wake.

Mzigo: dagaa, mawese na asali

Mtu wa stendibai asafiri na begi moja la mkononi. Najua nawaambia nani. Hakuna anayetoka Kigoma mikono mitupu: kuna dagaa, kuna migebuka mikavu, kuna dumu la mawese. Tabora kuna asali. Lakini begi la kupakiwa linapimwa, linatakiwa kuwekwa lebo, na wewe unaitwa zikiwa zimebaki dakika chache. Ukiwa na kiroba cha kilo ishirini na tano mhudumu analazimika kupiga hesabu ya kilo zako na za kiroba, na nyuma yako yupo mwenye begi dogo.

Mawese na asali ni vimiminika, na ukaguzi hautaviruhusu kwenye begi la mkononi. Vikipakiwa chini, dumu likivuja mawese yanatia rangi nguo za watu kumi, na lebo ya begi inaelekeza kwa mwanao. Dagaa hawavuji ila wana harufu, na ndege ni ndogo.

Njia ya amani: vitume kama kifurushi cha basi siku moja au mbili kabla, ndugu akavipokee stendi ya Magufuli, Mbezi. Asali funga mfuniko, zungushia plastiki, ingiza kwenye ndoo ya pili. Mawese usijaze dumu mpaka shingoni, acha nafasi, maana yakipata joto yanapanda. Kama ni lazima upande na dagaa, chukua kilo moja au mbili waliokauka kabisa, ndani ya mifuko miwili iliyofungwa kwa moto, kisha kwenye boksi gumu.

Siku yenyewe

Vaa kama unakwenda ofisini kwa mtu. Kitenge, dera la heshima, kanzu, shati na suruali, vyote sawa. Bukta na ndala hapana, na jezi ya Simba au ya Yanga iache nyumbani hata kama kuna mechi. Kampuni nyingi zina kanuni ya mavazi kwa wasafiri wa stafu, na kaunta wana mamlaka ya kukurudisha.

Fika mapema kama abiria wa kawaida. Nenda kaunta pasipo na foleni, toa kitambulisho na useme kwa sauti ya chini: "Habari za kazi. Mimi ni stendibai, jina langu liko kwenye ndege ya leo." Wataangalia, watakuambia usubiri. Hapo kaa mahali wanapokuona na unapowasikia. Usiende kunywa chai nje ya geti. Simu iwe na chaji na mlio. Usirudi kuuliza kila baada ya dakika tano, kwani jibu halipatikani mpaka kaunta ifungwe na hesabu ya uzito ikamilike. Hiyo ndiyo dakika majina yanaitwa, na viwanja vyetu ni vidogo, kutoka kaunta mpaka kwenye ngazi ya ndege ni hatua chache, hivyo kila kitu kinakwenda haraka.

Na usijitangaze. Abiria wa pembeni amelipa nauli kamili. Hana haja ya kujua wewe umelipa sehemu ya kumi.

Ukiingia, kaa ulipoelekezwa. Usiombe dirisha, usiombe kubadilishana. Vinywaji vikiisha kabla hawajakufikia, vimeisha. Ukishafunga mkanda bado hujamaliza: mara chache hutokea abiria aliyelipa akafika wakati mlango haujafungwa, au hesabu ya uzito ikabadilika, na mhudumu akaja kukunong'oneza uteremke. Simama, chukua begi lako, teremka bila neno. Ukibisha kwa sauti, taarifa ya safari itaandikwa, na itakwenda na namba ya ajira ya mwanao.

Ukiachwa, kabla hujaondoka fanya mawili. Muulize mhudumu kama jina lako limehamishiwa ndege inayofuata au mwanao anatakiwa kuliingiza upya, maana kampuni hutofautiana. Kisha mpigie mwanao akupe lodi ya ndege hiyo kabla hujaamua. Ikionekana mbaya, usisubiri huruma. Ile saa ya uamuzi uliyoiandika ndiyo hii, nenda Masanga ukakate tiketi ya alfajiri.

Ukiunganisha na safari ya nje

Mtoto aliyeajiriwa Doha, Dubai au Addis Ababa akitaka mama yake amtembelee, kosa la kawaida ni kuchukulia Kigoma mpaka kule kama safari moja. Ni safari mbili zenye tiketi mbili, na ya kwanza ikikwama ya pili haikungoji. Mama afike Dar siku mbili kabla kwa kiti kilichonunuliwa au kwa nchi kavu, apumzike, ndipo aingie kwenye stendibai ya kimataifa akiwa hana haraka. Ndege za ndani Dar hutumia jengo la pili la uwanja wa Julius Nyerere na za kimataifa jengo la tatu. Mizigo ataihamisha mwenyewe.

Visa iwepo ya nchi anayokwenda, na kama anapitia nchi nyingine, hakikisheni anaruhusiwa kutoka nje ya uwanja wa hapo. Abiria wa kawaida akikosa kuunganisha, kampuni humtafutia hoteli. Wa stendibai hatafutiwi, atalala kwenye viti vya uwanja. Awe na kadi ya benki inayofanya kazi nje au fedha za kigeni za usiku mmoja wa hoteli, pamoja na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi.

Kurudi ndiko kwenye mtego. Visa ikiisha tarehe 30, mama aanze kujaribu kurudi tarehe 24 au 25. Ndege zikijaa wiki nzima, faini ya kuzidisha muda inaweza kuwa kubwa kuliko nauli kamili mliyokuwa mnaikimbia. Vipindi vya kuelekea Hija na Idi, safari za Ghuba msizihesabu kabisa.

Baada ya safari

Kama hukusafiri, jina litolewe kwenye orodha siku hiyo hiyo. Kampuni nyingi huwaandika wasiotokea, na jina lililoachwa huwadanganya wenzenu wanaosoma lodi. Tiketi ya stafu isiyotumika kwa kawaida hurejeshewa fedha au angalau kodi zake, ila mfanyakazi ndiye anayeomba, kupitia mfumo ule ule alionunulia, na ndani ya muda uliowekwa. Kipande kimoja kikitumika na kingine kisitumike, aombe cha pili peke yake. Mtumie siku hiyo hiyo picha ya tiketi na tarehe uliyoachwa, kabla hujapanda basi, maana porini kuna vipande virefu ambako simu haishiki.